Mchi wa Mama kwenye Kompyuta

Kasulu, Jumanne

Na hata sikulia. Mwingine angelia.

Mwanangu Jenista, ambaye Kasulu nzima haina fundi wa midundo kama yeye (nasema mimi niliyemzaa), leo alikuwa akikatakata sauti kwenye kompyuta. Ni ile aliyorekodi kwa simu kule Nyakitonto, marehemu mama yangu akitwanga sombe, majani ya muhogo. Anachukua kipande kidogo, anakisafisha, kinajirudia chenyewe kama ngoma. Nikamwita jirani, Mama Zawadi, aje asikie.

"Mama Jeni, kinu hata mimi ninacho," akasema.

"Unacho, ila mtoto wa kukigeuza muziki huna!"

Tukacheka. Alipoondoka nikamuuliza Jenista, mbona bibi haongei? Siku ile ya kurekodi aliongea mno, akiniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, umekula?"

"Nilimtoa, Mama. Maneno yalikuwa yanaharibu mdundo."

"Umeyaweka wapi?"

"Nimeyafuta. Simu ilijaa."

Aliponiangalia usoni akaanza kulia yeye. Nikamwambia kazi ni nzuri, mwanangu, njoo ule. Na kweli ni nzuri. Ndani yangu hapakuwa na kitu, ganzi tupu.

Sauti nyingine ya mama sina.

Kompyuta aliiacha ikipiga. Mama alikuwa akichoka ananipa mchi, ninaendelea mimi. Huu wa kompyuta hauchoki. Nilikaa pale mpaka ugali ukapoa, nangoja zamu yangu.