Taa Nyekundu Niliyoizima

Kadutu, Bukavu, Jumapili baada ya misa

Yaya Jeanine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe, shemeji Bruno na watoto, nikitumaini baridi ya Walungu imewaacha wazima. Huku sisi tuko salama. Maman magoti yanamsumbua, lakini misa ya kwanza haikosi, na akirudi hutusimulia mahubiri yote kana kwamba yalitungwa kwa ajili yetu.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu ningezungukazunguka tu. Soma mpaka mwisho, tafadhali.

Alhamisi papa Marcellin, mwalimu ambaye ni mteja wa garaji yetu, alimkwepa mbuzi kwenye njia ya Kavumu akagonga mkaratusi. Pua ya gari ilikunjika yote. Tulipoenda kulivuta gari, tulimkuta ameketi pembeni, uso mweupe kwa poda, mikono imebabuka kidogo.

"Kitu ilitoka mu volant, ikanipiga, ikalala," aliniambia. "Ilikuwa nini?"

Nilimweleza kwamba ni mfuko wa hewa, unaokaa umekunjwa katikati ya usukani. Gari likigonga kitu kwa nguvu, kuna kifaa kinachohisi mshtuko na kutuma umeme kidogo. Umeme unawasha unga fulani, unga unatoa gesi, na mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Ukishampokea dereva, gesi inatokea kwenye matundu ya nyuma, mfuko unasinyaa. Na alikuwa amefunga mkanda, maana mfuko peke yake hautoshi. Alicheka, akapapasa mbavu zake moja moja akakuta zote zipo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Gari lako lilipofika kutoka Japani usukani ulikuwa kulia, nami nikauhamishia kushoto, kwa kuwa huku tunapita kulia kwa barabara, kama tunavyowafanyia wengi. Yaya, ule utepe wa nyaya ulio nyuma ya usukani ulikatika mikononi mwangu. Mfuko ukabaki bila umeme, na taa yake nyekundu ya onyo, iliyo mbele ya dereva, ikakataa kuzimika. Nikang'oa balbu. Wewe ulipoona hakuna taa, ulinisifu mbele ya maman kwamba mdogo wako sasa ni fundi kweli, ukanichinjia kuku, nami nikamla. Miaka mitatu unapita kwenye kona za Walungu na watoto, na mbele ya kifua chako hakuna kitakachofunguka. Nilijua, nikanyamaza. Naona aibu sana. Nisamehe.

Usiliendeshe tena. Jumamosi nakuja na Monique, fundi umeme wetu, aliyepata utepe mzima na mwenye kompyuta ya kupimia. Alinikaripia mpaka nikatamani ardhi inimeze, kisha akaahidi kunifundisha kazi hiyo mpaka niijue. Nimeandika pia majina ya wateja wengine tisa niliowahamishia usukani. Nitawaambia wote walete magari yapimwe, ila wewe kwanza.

Tukimaliza na kuirudisha ile balbu, utawasha gari wewe mwenyewe. Iangalie ile taa: iwake kidogo, halafu izimike yenyewe. Isipowaka kabisa, au ikikataa kuzimika, usiniamini hata nikiapa kwa jina la maman.

Wabusu watoto. Na umwambie shemeji safari hii asichinje kitu mpaka taa iwake, kisha izimike.

Mdogo wako,
Zagabe