Leso Puani

Jumatatu, 5 Februari
Nimeosha kidonda tena kabla ya kwenda shule kufundisha. Kisukari kimeula mguu wa kushoto wa mume wangu kuanzia kidole gumba. Sasa ni mweusi hadi kifundoni. Unanuka. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine anayekubali kusema. Nzi wa Garissa nao hawana haya. Nilisali Baba Yetu nikiwa na bakuli la usaha mkononi. Nilipofika "mapenzi yako yatimizwe" nikaruka. Siwezi. Naona kinyaa.

Jumatano, 7 Februari
Daktari kasema mguu ukatwe wiki hii, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na atakufa. Mume wangu hataki. Kundi la maombi la kanisa letu limemwambia kukubali kisu ni kukosa imani. Wao anawasikia. Mimi hanisikii. Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 8 Februari
Mama Hodan, jirani yetu hapa mtaani Waberi, kaleta kitezo cha udongo na uunsi, ubani wao wa kufukiza. Wasomali hufukiza nyumba kila jioni. Kwao ni kama kufagia. Akaketi mkekani, karibu kabisa na ule mguu, akamsimulia mgonjwa habari za ngamia wa kaka yake kule Liboi. Hakuziba pua. Leo nyumba imekalika.

Jumamosi, 10 Februari
Nina hasira. Kundi la maombi limekuja. Eunice, kiongozi wao, alipoona kitezo alikemea majini, akakitupa nje, makaa na vyote. Mama Hodan alikuwa mlangoni.

"Walahi mwalimu, hiyo si ya jini," akaniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Ni ya nyumba ibate harufu nzuri."

Akaokota kitezo chake, akaenda. Niliona aibu.

Eunice hakujali. Alitangaza kwamba mguu umepona. Alitangaza hivyo huku kaziba pua kwa leso! Mume wangu aliitazama ile leso mpaka maombi yakaisha. Walipotoka akaniita.

"Kama ni Mungu, atakuwa Mungu hata nikibaki na mguu mmoja. Nipeleke."

Jumatatu, 12 Februari
Wamekata, juu ya goti. Yu hai.

Ijumaa, 23 Februari
Yuko nyumbani. Nilikwenda kumwomba Mama Hodan msamaha. Alitafuta makaa tu, akaja na kitezo kilekile. Ukingo umemeguka.

Kidonda kinakauka. Asubuhi mume wangu alijaribu kuimba besi yake ya kwaya, vibaya sana. Kiatu chake cha kushoto bado kiko chini ya kitanda na sijui nikifanyie nini. Sijui pia kwa nini Mungu ameruhusu haya, na wanaojidai kujua bado wananichefua. Lakini Mungu ni yeye, si wao.

Jioni nilisali Baba Yetu nikisugua lile bakuli. Sikuruka.