Ukurasa wa Ugomvi

Jumatatu, 3 Machi
Nimekama, nimepeleka maziwa Kiirua, nimerudi. Mhariri wa Nairobi amenirudishia hadithi. Anasema ni nzuri, ila ukurasa ambapo Karimi anagombana na mumewe una alama za mshangao arobaini na moja. Eti wanapiga kelele kama mnada wa ng'ombe. Nirekebishe kufikia Ijumaa, la sivyo kitabu chao cha hadithi za waandishi wengi kitatoka bila mimi. Miaka sita naandika, na huyu ndiye wa kwanza kunijibu. Nimekasirika. Zote arobaini na moja zilikuwa na kazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimezifuta. Nimeweka nukta tatu tatu kila mahali, watu wavute pumzi. Nimemsomea mume wangu, Mutuma. Ameuliza kama Karimi ana pumu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamua kusikiliza ugomvi wa kweli. Nimemdanganya Mutuma kwamba mbegu zake za viazi nimempa dada yangu. Daftari nimeficha chini ya leso, kalamu tayari.
Halafu akasema ni sawa, kwa Kimeru, polepole. Akaosha kikombe chake mwenyewe. Tangu tuoane hajawahi kugusa kikombe kichafu. Nimeogopa, sikuandika kitu.
Kumbe shida ndiyo hiyo. Karimi wangu anagomba kwa Kiswahili cha chifu kwa baraza. Hapa kwetu hakuna anayekasirika kwa Kiswahili. Tukikasirika tunarudi Kimeru, na sauti inashuka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwonyesha mbegu, ziko stoo, gunia zima. Nimemwambia ilikuwa kazi ya kitabu. Hakucheka. Amesema tena ni sawa. Aibu imenishika, lakini nimeandika. Sasa mume wa Karimi anasema "Sawa." tu, anaosha kikombe. Mistari kumi na minane imekufa. Naona haya kwamba hadithi imekuwa tamu hivi.

Ijumaa, 7 Machi
Sikutaka kutuma kwa wizi, nimempa Mutuma asome. Amesoma amesimama, na jembe begani. Amechukua kalamu, akafuta nukta baada ya "Sawa". Akasema huyo mtu hajamaliza. Akaenda zake.
Nimetuma hivyo hivyo. Saa nane mhariri amejibu. Ameichukua. Ameuliza tu kama hapo nimesahau nukta.
Nimemwambia hapana, mwenye neno hilo bado yuko shambani.