Jino la Mtu Asiye na Kizazi

Kambini, ng'ambo ya Tunduma
4 Juni 1951

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mama pia. Mgongo unauma ila nakula. Kahawa imeiva?

Baba, ninaogopa. Kazi niliyoandikiwa si ya mgodi. Tunachimba pango kwa bwana anayetafuta mifupa. Jumanne sururu yangu iligonga fuvu la mtu. Paji la uso ni kama halipo, na juu ya macho mfupa umetokeza kama ukingo wa paa. Bwana alifurahi hadi akatoa machozi. Alisema ni mtu wa kale mno, kabla ya jembe na chuma. Nikamuuliza kama ni babu yetu. Akasema, "Hapana. Ni kama ndugu wa babu yenu. Ukoo wake uliisha wote, hakubaki hata mtoto mmoja."

Unajua nyumbani kwetu anayegonga kaburi hupeleka alichokigonga kwa wazee, kikazikwa upya, naye akaombewa. Fuvu limefungwa pamba ndani ya sanduku, siliwezi. Ila kabla halijafungwa niling'oa jino moja. Limo kwenye kiberiti anacholeta Gwakisa, utingo wa lori. Lizike. Tangu siku ile mkono wangu wa kulia unatetemeka.

Mwanao,
Ezron

Iyula
20 Juni 1951

Ezron mwanangu,

Sisi wazima, kahawa tunachuma. Mwandiko wako kweli unatetemeka.

Mama yako alikataa kiberiti kisiingie ndani. Kikakaa kwenye mti wa kahawa siku mbili. Mchungaji alisema jino si mtu. Nikamuuliza, "Aliyekufa bila mtoto, nani wa kumlilia?" Kesho yake akaja na kitabu chake. Tumemzika nyuma ya nyumba, kando ya dada yako Lusungu. Mama yako alilia kidogo, akasema mtu hawezi kuzikwa kimya kama mbwa.

Sasa nawa mikono mtoni, upumzike.

Baba yako,
Efraimu

Kambini
2 Julai 1951

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kutouliza mengi.

Bwana amehesabu meno, akaona pengo jipya. Askari wamemchukua Boazi wa Ihanda, mtoto wa mama Ferista, kwa sababu ndiye aliyebeba sanduku. Amefungiwa ghalani bomani. Askari aliniuliza mimi pia, nikasema sijui. Boazi alikuwa amesimama karibu yangu. Aliniambia tu, "Ezron, nitunzie blanketi." Ninalo hapa, naogopa hata kuligusa.

Bwana anasema jino likirudi, hana kesi na mtu. Lifukue, Baba. Lilete.

Mwanao,
Ezron

Iyula
12 Julai 1951

Mwanangu,

Hatujambo, ila hatulali vizuri.

Unaniomba nifukue kaburi nililolichimba mwenyewe. Mama yako amesema hapana. Jana nilikwenda Ihanda. Mama Ferista alinipa uji, akauliza kama nina habari za Boazi. Nilikunywa uji wake, nikasema sina. Sasa waongo tumekuwa wawili.

Niache nifikiri.

Baba yako,
Efraimu

Bomani
20 Julai 1951

Baba yangu,

Nawaamkia wote wawili. Nimekwenda kwa bwana, nimesema. Boazi ametoka. Alichukua blanketi lake, hakunisalimia. Ghalani sasa niko mimi, na mwisho wa mwezi napelekwa kwa hakimu.

Bwana hakunipiga. Aliuliza, "Liko wapi?" Nikasema limezikwa. Akasema, "Limezikwa?" mara tatu, kisha akakaa chini.

Usifukue, Baba. Jela naiogopa, lakini namwogopa zaidi yule wa kale. Mwache alale.

Mwanao,
Ezron

Tunduma
27 Julai 1951

Ezron mwanangu,

Natumaini wanakupa chakula. Mimi mzima, ila miguu imevimba.

Gwakisa amenikuta hapa kando ya barabara, akanipa barua yako. Umechelewa. Kiberiti kimo mfukoni. Lori lao linageuza hapa kurudi huko, lakini dereva alipojua nilichobeba alikataa kunipakia. Barua hii tu ndiyo amekubali, kwa hiyo itakufikia kabla yangu.

Nimesoma maneno yako mara mbili. Nyumbani si mbali, ningeweza kurudi kumlaza tena. Mkono wangu wa kulia nao umeanza, utauona kwenye mwandiko huu.

Nilipomfukua nilimwomba radhi. Nilimwambia, "Wewe hukuacha mtoto, labda hutanielewa. Mimi ninaye."

Kesho asubuhi navuka mpaka.

Baba yako,
Efraimu