Kanisani Naitwa Mama Ushindi, Nyumbani Bado Nalia

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimebanwa kweli kweli na sina wa kumwambia, wote ninaoweza kuwaambia ndio hao hao wanaonipigia makofi.

Mimi ni fundi cherehani na ni mjane. Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka, aliteleza juu ya paa akiwa kazini mwaka juzi akafariki, na baada ya mazishi nikaanguka mimi, sili, sishoni, duka likafungwa mpaka kufuli likashika kutu, na kama si watu wa kanisani kwetu leo usingekuwa unasoma barua hii, maana walikuja kwa zamu, huyu anafua, yule anapika, mwingine anakaa tu kando ya kitanda anachambua mboga bila kusema neno, na wifi yangu, dada wa marehemu, akahamia kwangu na godoro lake na mdomo wake, akasema haondoki mpaka nicheke, na siku moja kweli nikacheka, nikaoga, nikafungua duka, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba ni Mungu aliyenishika mkono, Shangazi, hapo usinielewe vibaya.

Sasa shida ndiyo hii. Mchungaji alinisimamisha nitoe ushuhuda, nikatoa, watu wakalia kwa furaha, Jumapili iliyofuata akanisimamisha tena, halafu kanisa la jirani wakanialika, kwaya wakanitungia wimbo, siku hizi hata muuza mboga ananiita Mama Ushindi, na kila nikishika kipaza sauti nasema huzuni imekwisha kabisa, kwa sababu ndivyo nilivyosema mara ya kwanza, na siku ile ilikuwa kweli, siku ile nilijisikia mwepesi jamani, lakini siku nyingine si kweli hata kidogo.

Juzijuzi mteja aliniletea kitambaa cha suruali, nikampima vizuri, nikakata, nikashona huku naimba, akaja kujaribu, miguu ya suruali ikaburuzika sakafuni, na mteja mwenyewe mfupi, Shangazi, akaonekana kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake, akacheka na mimi nikacheka, mpaka nilipoinama kubana pindo kwa pini ndipo nikatambua kwamba ule ni urefu wa mume wangu, mikono yangu ilimkatia yeye suruali bila kuniuliza, basi nikabaki pale chini nalia juu ya viatu vya watu, na mteja maskini anauliza, "Mama, pini imekuchoma?"

Kuna mwalimu wa chekechea pale kanisani, binti mdogo tu, amefiwa na mumewe mwezi uliopita. Mchungaji ameniomba Jumapili hii nisimame nimtie moyo mbele ya watu wote, yeye akiwa amekaa benchi la mbele. Jana alipita dukani, akanishika mikono, akasema, "Dada, mimi nalia kila siku. Nadhani imani yangu ni ndogo. Niombee nami niwe kama wewe." Nikamjibu, "Amina." Shangazi, nilisema amina! Tangu hapo hata kusali sisali, nikipiga magoti namwona yeye. Nikisema ukweli nitamvunja moyo na kuwaaibisha watu walioninyanyua, nikinyamaza namdanganya mtoto wa watu aliye kwenye msiba. Wifi anasema nijifanye naumwa. Nifanye nini?

Wako,
Mama Ushindi wa Jumapili tu

*

Mwanangu,

Marahaba. Kwa ile suruali nilicheka peke yangu hapa ofisini, halafu nikaanza kutafuta leso. Pole sana. Pole kwa mume, pole kwa mikono inayomkumbuka.

Huyo wifi nimempenda tangu alipoingia na godoro, lakini mwambie aache kukufundisha kuumwa Jumapili. Hapo amekosea.

Sasa keti nikuseme. Nani alikuambia kwamba aliyeshinda halii? Yesu mwenyewe alifika kaburini kwa rafiki yake akalia mbele za watu, na alijua fika kwamba muda si mrefu rafiki huyo atatoka akitembea. Wewe unataka kumzidi?

Siku ile ya kwanza hukudanganya. Ulishukuru, na ulikuwa na haki ya kushukuru. Kosa ni kwamba umeichukua siku moja nzuri ukaivaa kila Jumapili, ikutoshe isikutoshe, na wenzako kwa mapenzi yao wamezoea kukuona hivyo. Eti utawaaibisha! Watu waliokufulia nguo hawakukupenda kwa ajili ya ushuhuda. Wakati ule hukuwa na ushuhuda wowote, ulikuwa umelala umegeukia ukuta. Leo ndio unawaogopa? Hebu acha hizo.

Na kusali kumekushinda kwa sababu unataka kumpelekea Mungu yale yale unayosema kanisani. Mwambie habari za suruali. Anazijua, lakini mwambie. Lia hapo hapo kwenye cherehani ukitaka, mradi usilowanishe kitambaa cha mteja.

Anayenikosesha raha ni yule binti. Wewe ulipofiwa, ulipewa mtu wa kukaa kando yako akichambua mboga. Yeye anapewa benchi la mbele na kipaza sauti. Anapima imani yake kwa kicheko chako, na kila ukitangaza kwamba huzuni imekwisha, anarudi nyumbani akidhani Mungu amempita mlangoni. Hilo haliwezi kungoja Jumapili.

Kwa hiyo leo funga duka mapema. Anza kwa mchungaji, umwambie wazi kwamba bado unaumia, kwamba Jumapili hii husimami, na kwamba siku utakaposimama utasema ya siku hiyo. Akinuna, mwache anune, atazoea. Nadhani lakini hatanuna. Nadhani na yeye ana yake ambayo hajawahi kuyasema pale mbele.

Kisha mchukue wifi mwende kwa binti. Usihubiri. Kama kuna vyombo vichafu, osha. Kama kuna madaftari ya watoto hayajasahihishwa, mkae naye myasahihishe. Akitulia, mwambie ile amina umeirudisha, na kwamba kulia kwake hakuna uhusiano na udogo wa imani. Lakini usiishie hapo, nakuomba sana, maana hiyo ni nusu tu. Mwambie pia kwamba mwaka juzi ulikuwa huli na leo unakula, kwamba ulikuwa huwezi kushika mkasi na leo unashona huku unaimba, na kwamba hukufanya hayo kwa nguvu zako. Yote mawili ni kweli na anahitaji kuyasikia kwa mdomo mmoja.

Akikuuliza maumivu yanakwisha lini, sema hujui. Akikuuliza kama Mungu yupo, usitafute maneno mazuri. Mwambie yupo. Hilo unalijua hata siku ambazo unalia.

Haya, inuka. Binti yuko peke yake sasa hivi.

Akupendaye,
Shangazi