Kiazi cha Chemutai Ndani ya Boksi

Jumanne, 5 Agosti
Nimekamua. Nimepeleka maziwa barabarani, nimerudi. Chemutai bado analala. Mtoto wa town, mtaa wa Kaptembwo, jogoo kwake ni kelele tu. Mama yake, binti yangu Mercy, amemleta likizo hapa Keringet na maagizo: asikae bure, acheze huku akijifunza. Acheze! Mimi nilijifunza na jembe. Nimempeleka kung'oa magugu kwa vitunguu. Amelia. Nimemwacha alie.

Alhamisi, 7 Agosti
Amechora hali ya hewa na makaa kwa ukuta wa jikoni. Jua, ukungu, mvua. Kila siku picha yake. Nimemgombeza, huo ukuta nimeupaka juzi. Halafu jioni ni mimi nimemkumbusha hajachora ya leo.

Amechukua kiazi kimoja cha mbegu kutoka stoo, kile kilikuwa kimeanza kuota. Amekitia kwa boksi ya viatu, akagawa ndani na karatasi ngumu kama vyumba vyenye milango. Mwisho kabisa ametoboa tundu. Anasema chipukizi itazunguka yenyewe hadi ipate mwanga. Nikamwambia kiazi hakina akili.
"Ngoja tu uone, Kogo."
Mdomo huo ameutoa kwangu, nyanya yake.

Jumatano, 13 Agosti
Amenifungulia nione. Chipukizi nyeupe, ndefu kuliko kidole, imepinda kona ya kwanza. Kweli inatafuta. Boksi anaifungua mara moja tu kwa siku, haraka, akifunika na mwili wake. Ikitokea kwa tundu atampigia mama yake simu ya video. Tayari amepanga atavaa nguo gani.

Nimepanda viazi tangu nikiwa msichana, hiyo sikuijua. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimefanya vibaya.

Nilikuwa nachambua mbegu. Chipukizi ikirefuka hivyo tunaivunja kichwa, ndiyo kiazi kitoe zingine nyingi, fupi, ngumu. Kila mtu huku anajua. Chemutai alikuwa kwa kuku. Nikafungua boksi kuangalia. Ilikuwa imepita kona ya pili. Imebaki kidogo tu ifike tundu. Mkono ukavunja.

Hapana. Mkono haukuenda peke yake. Nilijua ni yake, nikavunja. Nilitaka ajue kazi ya mbegu ni yangu.

Aliporudi akapiga nduru. Nikamwambia ni panya. Mwanamke mzima.

Jumamosi, 16 Agosti
Hajala. Paka wangu amemnyima maziwa. "Na wewe kazi yako ni gani hapa?" anamuuliza, mikono kiunoni, kama mimi kabisa. Paka amefukuzwa nje kwa mvua. Niliona. Ugali wangu nimeurudisha kwa sufuria.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri. Tumetoka, Mercy akapiga simu. Chemutai akamwambia anaogopa panya watamuuma, anataka kurudi nyumbani. "Mama, kwani hiyo nyumba imekuwaje? Jumanne niko off, nitakuja kumchukua."

Panya kwa nyumba yangu! Nyumba ambayo majirani wanakuja kuangalia nilivyoipaka! Nilifungua mdomo kukataa. Nikaufunga. Kama hakuna panya, nani alivunja?

Jumatatu, 18 Agosti
Nimemwambia. Asubuhi, kwa stoo, tumekaa juu ya magunia. Hakuna panya. Ni mimi.

Hakulia. Nilitaka alie.
"Kwa nini, Kogo?"
Nikamweleza habari ya kuvunja mbegu. Akangoja. Mtoto anajua kungoja huyu. Basi nikamwambia ile nyingine, kwamba niliona wivu. Neno hilo sijawahi kulisema kwa mtu, hata kwa marehemu babu yake.
"Na ukanidanganya."
Ndiyo.

Ameenda akamtafuta paka, akammiminia maziwa yote ya chai. Nimekunywa chai strungi.

Mercy nimempigia mwenyewe, nikamweleza. Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. "Mama, tangu wiki iliyopita alikuwa ananiambia tu, Kogo ameona kiazi changu, Kogo ameona."

Jumanne, 19 Agosti
Ameenda. Nilimwambia akae, panya hakuna. Akasema anajua. Alinipa mkono kama mgeni. Nimewafungia mboga na maziwa, ni Mercy amebeba.

Boksi imebaki. Walikuwa wamefika kwa lango, mtoto akageuka.
"Mara moja tu kwa siku, Kogo. Na haraka."
Hakungoja nijibu.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimefungua, nimefunga. Hakuna kitu. Kiazi kimekunja ngozi. Sikulima leo. Nyumba ni kubwa.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimekamua. Nimepeleka maziwa. Nimefungua boksi, nikafunika na mwili. Pale nilipovunja ni pakavu. Pembeni zimetoka tatu, ndogo. Moja imeanza kuelekea kona. Sikugusa.

Simu iko na chaji. Chemutai akiuliza, nitamwambia zilivyo, sitaongeza.

Nimechukua makaa nikachora leo kwa ukuta. Mvua asubuhi, jua kidogo baadaye. Jua langu halifanani na lake.