Uzee wa Haki wa Honda ya Baba

Kaka yangu Mansuetus,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dodoma, pamoja na wifi Restituta na watoto. Sisi tu wazima, ila magoti ya Mama hulalamika baridi ikishuka. Ukiona sikuandika hapo juu niko wapi, si usahaulifu, utafika huko. Na usishangae barua badala ya simu. Kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, na mara hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Yule mnunuzi uliyemtuma, Bwana Abdulmajid wa Songea, alifika kama mlivyokubaliana. Ni mtu mstaarabu, simsemi vibaya. Alinikuta na ndoo na kitambaa, nataka kuiosha Honda ya Baba ili mgeni asiikute na mavumbi, akapiga kelele kama ameona nyoka. Baadaye aliniomba radhi. Alisema pikipiki nyingi za zamani anazoonyeshwa zimeharibiwa na watu wenye nia njema kama mimi: wamezipiga msasa, wamezipaka rangi, wamezifunga taa mpya, na thamani imekwenda na maji. Yeye hutafuta iliyozeeka yenyewe.

Basi akaikagua, Mama amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa ghala la kahawa, anamtazama. Alilinganisha namba ya injini na ya fremu. Alipitisha ukucha kwenye kutu ya tangi, akasema ni ya juujuu, haijala chuma. Alituonyesha jinsi wekundu ulivyofifia upande wa dirishani, na mahali ambapo goti la Baba liliimaliza rangi mpaka bati likatokeza. Alisema wapo wanaoghushi uzee kwa chumvi na ndimu, lakini hao huchakaza kila mahali sawasawa, wakati mtu huchakaza pale anapogusa tu. Huo wa kweli aliuita uzee wa haki. Sikufichi, hapo nilimpenda.

Kisha akapiga magoti nyuma ya kiti. Unakikumbuka kile chuma cha keria, upande wa kushoto, kilicholika hadi kikang'aa kama mpini wa jembe? Akauliza ni kamba ya mzigo gani iliyosugua hapo. Mama akajibu kwamba si kamba, ni mkono wake. Akaeleza kuwa kila mwaka, kahawa ikishauzwa, Baba alimshusha Lundo, kule ziwani kwao, kuwasalimia ndugu zake. Yeye alikaa kwa upande na kushika hapo, maana kumkumbatia mwanamume barabarani mchana kweupe aliona aibu. Mgeni alicheka kwa adabu, akasema alama za namna hiyo ndizo zinazotafutwa, akapandisha bei palepale.

Kaka, nilikasirika, tena sana. Bei ilikuwa nzuri, na najua ulitaka iwe bati mpya za nyumba ya Mama. Lakini mgeni alikuwa anaipangia bei alama ya mkono wa Mama kwenye chuma, na mkono wenyewe uko pale, umelala mapajani. Bwana Abdulmajid alipoondoka, akiahidi kurudi Jumamosi na gari, nilimwuliza Mama kama anataka bati. Akasema hizi zilizopo zinavuja mahali pamoja tu, na ndoo inatosha. Nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka kumwona Mama Mdogo Scholastica huko Lundo, ambaye hawezi tena kuupanda mlima kuja kwetu Matiri. Akaongeza kwamba bodaboda yeye hapandi, vijana wale wanakimbia kama wameiba, na kwamba tangu tumzike Baba hakuna aliyemwuliza swali hilo. Mimi ninaishi naye nyumba moja, na sikuwahi kumwuliza. Wewe pia hukuwahi.

Sasa sikiliza, na ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, Mama mwache. Honda haikuuzwa. Niliipakia kwenye kigari cha kirikuu nikaipeleka Mbinga kwa fundi Ignatio, akaifunga pistoni, mnyororo, breki, matairi na taa inayowaka. Kutu ya tangi tuliipiga msasa tukapaka rangi mpya. Brashi nilishika mimi, nikijua kabisa ninachofanya, ili hata ukija kunibembeleza pasiwe na cha kuuza. Ignatio alitaka kukipaka na kile chuma cha keria; nikamnyang'anya kopo.

Jumamosi Bwana Abdulmajid aliizunguka, akashika kichwa, akakaa chini. Nilimwambia kuwa neno ulilompa nimelivunja mimi, wewe hukujua. Akanywa chai yake, akaniuliza kama breki za nyuma nimezijaribu mteremkoni. Nilikuwa nimezijaribu.

Barua hii naiandikia Lundo, uani kwa Mama Mdogo. Tumeshuka hadi Mbamba Bay, tukaifuata njia ya ziwani, polepole, dereva mimi. Usicheke. Baba alitufundisha sote wawili kule shambani, na aliyeingia mgombani ni wewe. Siku ya kuondoka nilimgeukia Mama nimwambie anishike kiuno, njia ina mashimo. Sikumaliza kusema. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshafika kwenye chuma, wala hakuangalia. Nilifuta macho kwa kiwiko, nikawasha injini.

Sasa hivi Mama amekaa na mdogo wake, sahani ya dagaa wa usipa katikati, wanaongea kwa Kinyasa na kucheka mambo ambayo hawataki niyaelewe. Bati za nyumba tutazitafuta kwa njia nyingine, na kila mwaka kahawa ikishauzwa nitamshusha. Hilo silijadili na mtu.

Mama anakusalimu, anasema usininunie. Mama Mdogo anauliza kama bado hupendi samaki wa mbasa. Wabusu watoto, na wifi mpe salamu zangu nyingi. Mkija Krismasi nitakupakia wewe wa kwanza. Utashika upande wa kulia. Wa kushoto una mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,
Kunigunda